Ini la Kaka Yangu

Damu ya kaka yangu niliitoa kwa mkono wangu mwenyewe. Alikuwa amekuja Lodwar, shule zimefungwa, na asubuhi hiyo katika wodi ya wazazi kulikuwa na mama aliyejifungua na damu ikakataa kukatika. Tulipigia simu kila mtu tuliyemjua. Kaka alikuwa nyumbani kwangu anakunywa chai. Akaja kwa miguu, kandambili zake zimejaa mchanga, akaketi kwenye kiti cha watoaji damu na kuninyooshea mkono.

"Chukua," aliniambia. "Lakini uniachie kidogo ya kufundishia."

Mimi ni fundi wa maabara. Kazi hii nimeifanya miaka mingi, na siku hizi jioni nikivua viatu miguu yangu huwa haitaki hata kunifikisha kitandani. Damu ya mtu yeyote hupimwa kwanza kabla ya mgonjwa kuwekewa. Nikadondosha matone kwenye vipimo, nikangoja. Cha ukimwi kikatoa mstari mmoja, yaani hakuna kitu. Cha kaswende, mmoja. Cha homa ya ini aina ya B kikaanza kujichora mstari wa pili, hafifu mwanzoni, kisha ukakolea. Nikafungua kipimo kingine, nikarudia. Ikawa vilevile.

Nilimwita nyuma ya maabara, pale tunapoanika makoti.

"Kaka, damu yako hatuwezi kuitumia. Una virusi vya homa ya ini."

"Ini? Mimi siumwi popote."

"Ndiyo tabia yake. Vinaweza kukaa ndani miaka na miaka na usisikie kitu. Nenda pale kliniki wakupime zaidi. Dawa iko."

Akageuka kutazama nilikokuwa nikionyesha. Kliniki yenyewe ilikuwa ile ya watu wanaomeza dawa za ukimwi, kwa sababu kidonge cha kutuliza virusi vya ini ni mojawapo ya vidonge vyao. Benchi lake liko nje, linatazamana na lango. Kila anayeingia hospitalini humwona aliyeketi.

"Nikakae pale?" aliuliza. "Mwalimu mzima? Nusu ya Lodwar inanijua."

"Ni kwa saa moja tu."

"Nitaenda huko Kakuma. Kule zahanati ni nyingi."

Nilimwandikia karatasi. Akaikunja mara nne, akaitia katika mfuko wa shati, akarudi kumalizia chai yake. Yule mama aliokolewa na damu ya askari mmoja wa zamu. Mimi nikaingia ndani, kwa sababu kulikuwa na foleni.

Kaka alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Alinitangulia kuzaliwa kwa miaka minne, na ndiye aliyenifundisha kusoma, kwa kuandika mchangani na kijiti tukiwa na mbuzi wa mama huko Lokori. Darasa lake lilikuwa na watoto wa Kisomali, watoto kutoka Sudan Kusini, Wakongo, Warundi na Waturkana wa pale mjini, wamebanana hadi dirishani. Alipenda kunisimulia ugomvi wake na watoto wa Kongo. Hao walikuja wakijua Kiswahili tayari, lakini chao. Akiwasahihisha, wanamwambia, "Mwalimu, kwetu banasema hivi." Naye anasahihisha kwa kalamu nyekundu, kisha jioni ananipigia simu kunisomea sentensi zenyewe, anacheka mpaka anakohoa. Kwa Waturkana wenzake, ambao ngeli tunazitupa ovyo, hakuwa na huruma hata kidogo.

Miaka ikapita. Nilimuuliza kama alikwenda kliniki. Nilimuuliza Krismasi ya kwanza, nikamuuliza na ya pili.

"Ulienda?"

"Niko sawa."

"Sijauliza kama uko sawa."

"Mdogo wangu, niache nile."

Nikamwacha ale. Naandika maneno haya bila kuyapamba. Niliyajua yale ambayo yeye hakuyajua. Nilijua kwamba mtu aliyeambukizwa utotoni mara nyingi hubaki na virusi hivyo maisha yake yote, kwamba ini huungua polepole na kujifunga makovu, na kwamba kwa baadhi ya watu kovu juu ya kovu huishia kuwa saratani. Si kwa wote, na hiyo "si kwa wote" ndiyo niliyoiegemea. Nilikuwa na watoto wangu, zamu zangu, na mume aliyekuwa akifanya kazi mbali. Kila siku niliandika majibu ya watu nisiowajua, nikawaambia nendeni kliniki, na kurudi nyumbani sina nguvu ya kumwambia mtu wa tumbo moja nami. Uchovu ni sababu. Sijui kama ni udhuru.

Akaoa. Wakapata mtoto wa kike, kisha wa kiume. Akanenepa kidogo, kisha akawa mwalimu mkuu msaidizi. Mwaka wa sita tangu ile asubuhi ya kutoa damu, mke wake alinipigia simu nikiwa kazini.

"Wifi, njoo umwone huyu mtu wako. Mimi akiniambia yuko sawa nashindwa kumjibu."

Niliomba ruhusa ya siku mbili, nikaenda Kakuma.

Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha plastiki kivulini mwa ukuta wa nyumba. Hakuinuka kunisalimia. Mkanda wake ulikuwa umetobolewa matundu mapya kwa msumari, kwa jinsi alivyokonda mapajani na kiunoni, lakini juu yake, chini ya mbavu za kulia, shati lilikuwa limeinuliwa na kitu. Macho yake yalikuwa na umanjano.

"Ejok," alinisalimia.

"Ejok. Nani mwingine ameliona tumbo hili?"

"Mama."

Mama alitoka ndani akijifuta mikono. Alikuwa amefika kutoka Lokori wiki mbili kabla, na hakunipigia simu kwa kuwa alijua nitakachosema. Nilimfunua kaka shati. Pale penye uvimbe palikuwa na mistari mifupi mifupi ya wembe, imekauka, imepakwa majivu.

"Aliyemchanja ametumia wembe wa nani?" niliuliza.

"Wembe ni wembe," mama alijibu. "Hiyo damu mbaya lazima itoke. Na wewe usianze. Huu ni ugonjwa wa mbwa. Mjomba wako alikuwa na tumbo kama hili. Walimpasua, wakatoa maji ndoo nzima, na mpaka leo anafuata ngamia."

Wasiotoka kwetu huenda wasijue ugonjwa wa mbwa. Mbwa hulala na watoto, hulamba vyombo, na mayai ya mnyoo wake yakiingia kwa mtu hujenga mifuko ya maji, mara nyingi ndani ya ini. Turkana nzima inaujua. Tumbo linaweza kuvimba mno, na bado mtu akapasuliwa na kupona. Mama aliushikilia ugonjwa huo kama mtu aliyeshika kamba kisimani. Mke wa kaka naye aliushika. Kaka pia, aliniambia kwa Kiswahili chake kizuri, "Nadhani nitahitaji upasuaji mdogo." Nami, niliyeuona ule mstari wa pili kwa macho yangu, nilimwomba Mungu iwe mbwa.

Siku ya pili tulikuwa Lodwar, katika chumba cha kupiga picha ya tumbo. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mgeni kwetu, hajamaliza mwaka. Alimpaka kaka ile dawa ya ubaridi, akaanza kupitisha kifaa chake taratibu. Mifuko ya maji nimeiona mara nyingi kwenye ile skrini. Huwa myeusi, mviringo, mipaka yake safi. Nilisimama nyuma ya daktari nikiutafuta weusi huo. Sikuuona. Ini lote lilikuwa na mikunjo na vinundu, na upande wa kulia kulikuwa na donge kubwa lisilo na umbo. Daktari alipima, akaandika, akapima tena. Ndipo nilipojua kwamba na yeye alikuwa akitafuta maji.

Baada ya vipimo vya damu alituita ofisini kwake sote: kaka, mama, mimi. Alikuwa na majibu mkononi, na akaomba ruhusa ya kuzungumza mbele ya mama.

"Huyu ndiye mwenye tumbo lililonizaa," kaka alisema. "Sema tu."

"Mwalimu, si ugonjwa wa mbwa. Ni saratani ya ini."

Kaka akauliza, "Imetoka wapi? Mimi sijawahi kuonja pombe. Hata busaa sijui ladha yake."

"Pombe ni njia moja tu. Na mahindi yenye kuvu nayo huongeza. Lakini wewe una virusi vya homa ya ini, na vimekaa sana. Kila mwaka ini linaumia kidogo, linajitengeneza, linaumia tena. Katika kujitengeneza huko kukatokea kosa. Kosa likakua."

"Kama mwanafunzi anayenakili kitabu kizima kwa mkono," kaka alisema. "Mwishoni lazima akosee."

"Naam. Hivyo hasa."

"Na mimi niliambiwa," kaka alisema. Hakunitazama. "Miaka sita iliyopita niliambiwa. Niliona aibu ya benchi."

Daktari hakumkaripia. Alisema tu kwamba dawa ingeweza kupunguza hatari hiyo sana, na kwamba sasa donge ni kubwa mno na ini lililobaki ni dogo. Angemwandikia barua aende Eldoret wamtazame, lakini hakutaka kumdanganya.

"Nani alinipa?" kaka aliuliza.

"Hilo hatuwezi kulijua. Labda wembe. Labda kidonda, mkicheza utotoni. Kwa wengi wenye hali kama yako, mtoto huipata kwa mama yake siku ya kuzaliwa, na mama mwenyewe hajui kama anayo."

Kazi yangu mle ndani ilikuwa kumtafsiria mama kwa Kiturkana, kwa kuwa Kiswahili chake ni cha sokoni. Nilitafsiri saratani, ingawa sisi hatuna neno lake, nikasema donge linalokula. Nilitafsiri virusi kama mdudu mdogo asiyeonekana. Nilipofika kwenye siku ya kuzaliwa, nilisema, "Daktari anasema labda ni wembe, labda kidonda cha utotoni." Nikaishia hapo.

Mama alikuwa ameketi wima, mikono magotini.

"Hujamaliza," aliniambia.

"Nimemaliza, mama."

"Amesema 'mama'. Hilo neno hata mbuzi wangu wanalijua. Amesema nini juu ya mama?"

Kaka ndiye aliyejibu. Alimshika mkono akamwambia kwa lugha yetu, polepole, kwamba mdudu huyu anaweza kupita kwa damu ya kujifungua, bila mtu kujua, bila mtu kutaka. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasimama, akatoka nje. Nilimfuata, nikamkuta amesimama juani katikati ya uwanja wa hospitali, watu wanapita huku na huku wakimkwepa. Tukasimama wote wawili juani hadi kaka alipotoka.

Eldoret walisema maneno yale yale aliyosema daktari wetu, wakampa dawa za maumivu. Akarudi Kakuma.

Watu walikuwa wameanza kusema. Wengine walisema ni ukimwi, kwa sababu sasa alikuwa akimeza kidonge kinachofahamika. Wengine walisema anakunywa kwa siri. Wengine wakasema amerogwa na aliyetaka cheo chake. Kaka alichoshwa na maneno hayo kuliko na ugonjwa. Siku ya mkutano wa wazazi shuleni aliomba apewe nafasi. Mke wake alikataa, mimi nikakataa, na tukaishia kumpandisha kwenye tuktuk, mto mgongoni.

Alizungumza akiwa ameketi. Kulikuwa na wazazi wengi, wamejaa chini ya paa la mabati, na kila sentensi yake ilirudiwa na watu watatu: muuza vitambaa mmoja, mzazi ambaye binti yake alikuwa katika darasa la kaka, kwa Kisomali; mwalimu mwenzake kwa Kiarabu cha Juba; nami kwa Kiturkana. Kwa hiyo hotuba ilikwenda pole sana, na kila sentensi ilikuwa na muda wa kuingia.

"Nina saratani ya ini," alisema. "Sikurogwa. Sikunywa pombe. Nilikuwa na homa ya ini ya aina ya B, nikapimwa, nikaambiwa, nikakaa kimya. Nimekuja kuwaambia msikae."

Mwanamke mmoja wa Sudan Kusini aliinua mkono, akauliza kama ni salama watoto kusalimiana naye na kula naye.

"Salamu haimletei mtu ugonjwa," kaka alijibu. "Sahani haileti. Inapita kwa damu, kwa wembe wa kuchanjia na kunyolea, kwa mume na mke kitandani, na kwa mama kumzaa mtoto. Watoto wenu wadogo waliodungwa sindano za kliniki wana kinga. Nyinyi wakubwa ndio hamjui mlicho nacho. Mimi pia sikujua, nilikuwa na nguvu ya kubeba gunia."

Nilitafsiri kila neno. Sikuruka lolote.

Mkutano ulipokwisha, wengi walimpita haraka wakiangalia chini. Yule muuza vitambaa alibaki. Alikuwa mtu wa makamo, ndevu zimepakwa hina. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Dada yangu, kaka yangu mkubwa alikufa kwa tumbo la namna hii huko Mogadishu. Hicho kipimo kinachukua muda gani?"

"Robo saa," nilimwambia.

Alikuja Lodwar wiki hiyo hiyo. Kipimo chake kilikuwa na mistari miwili. Picha yake ikaonyesha ini lililoanza makovu, bila donge. Nilimpeleka mwenyewe hadi kwenye lile benchi, nikaketi naye. Tangu hapo anameza kidonge kila siku na kuja kupigwa picha kila baada ya miezi sita, na hunipitia maabara kunisalimia. Hutaja jina la kaka, humwombea, huondoka.

Kaka alikufa saa nne asubuhi, siku ya Alhamisi, nyumbani kwake, mke wake akimlowesha midomo kwa kitambaa. Siku mbili za mwisho akili yake ilikuwa imepotea; ini likishindwa, uchafu hupanda kichwani. Alikuwa akisahihisha madaftari ambayo hayakuwepo. Alinikemea mara kadhaa kwa jina la mwanafunzi fulani, nami nikakubali kosa.

Tulimpeleka Lokori. Njiani, Lokichar, tulimchukua mdogo wetu wa mwisho, anayepika chai na chapati kando ya barabara ya Kitale kwa madereva na wafanyakazi wa visima vya mafuta. Alipanda gari akishikilia mlango kwa mikono miwili. Mimba yake ilikuwa ya miezi sita. Hakuwa amemwambia mtu, isipokuwa kaka.

Kaka aliacha agizo. Katika daftari la mahudhurio alikuwa ameorodhesha familia nzima, kwa mwandiko uliotetemeka, na kuchora visanduku vya alama: mke, watoto wawili, mama, mdogo wetu, mimi. Mbele ya jina langu tayari aliweka alama, kwa sababu alijua nilipimwa chuoni na kuchanjwa. Nilikuwa nimebeba vipimo katika mkoba. Siku iliyofuata maziko, waombolezaji wakiwa wamepungua, niliketi mbele ya nyumba ya mama nikawapima mmoja mmoja. Sikutaka. Nilikuwa sijalala vizuri siku nne, na mikono yangu ilikuwa mizito. Lakini nilijua nikisema kesho, nitasema kesho.

Mke wa kaka: mstari mmoja. Mwili wake labda ulipambana ukashinda bila yeye kujua, hutokea hivyo kwa watu wazima. Au alikuwa na bahati tu. Watoto wake wawili: mmoja, mmoja, kwa sindano zao za utotoni. Mama: miwili. Mdogo wetu: miwili.

Mama alikiangalia kipimo chake akiwa amekishika kwa ncha za vidole.

"Miwili ni nini?"

"Ni ule ule, mama."

Akakirudisha mkononi mwangu, akaenda kuwatazama mbuzi. Mdogo wetu yeye alilia papo hapo, mikono juu ya tumbo.

"Na huyu? Nimeshampa?"

"Bado," nilimwambia. "Ukimeza dawa sasa, na akidungwa siku ile ile anayozaliwa, tunaweza kumzuia. Si wiki sita baadaye. Siku ile ile."

Sindano ya siku ya kwanza ndiyo ilikuwa shida. Zahanati zetu huwa na ile ya mchanganyiko, wanayoanza kupewa watoto wakiwa na wiki sita. Ile ya homa ya ini peke yake ilikuwa katika jokofu letu la hospitali, kwa ajili yetu wahudumu. Nilimweleza yule daktari kijana, akaandika kibali na kiasi cha dawa cha mtoto mchanga, nusu ya cha mtu mzima. Tulipanga mdogo wetu aje Lodwar mwezi wa mwisho, akae kwangu.

Hakufika. Uchungu ulimshika mapema, akajifungulia katika zahanati ya Lokichar, jua likichomoza. Nilipata simu nikiwa ndiyo kwanza navaa koti. Nilitia chupa ile ndogo kwenye kasha la barafu. Sindano hii ikipata joto inaharibika, na ikiganda pia inaharibika, kwa hiyo niliifunga kwa kitambaa isigusane na barafu, nikaliweka kasha mapajani, nikapanda gari la hospitali lililokuwa likipeleka mgonjwa Kitale. Joto la siku hiyo lilikuwa lile la kawaida yetu. Barafu ilianza kuyeyuka kabla hatujafika nusu ya njia. Kila baada ya muda nilifungua mfuniko nikatazama kipimajoto, nikafunga. Mgonjwa aliyelala nyuma aliniuliza nimebeba nini.

"Dawa ya mtoto."

"Anaumwa?"

"Hapana."

Akaniangalia kana kwamba nina kasoro.

Nilifika karibu saa sita mchana. Muuguzi alikuwa ameshanawa. Mtoto alikuwa wa kike, mdogo, hana hata kilo tatu, paja lake unene wa kidole gumba changu. Muuguzi akadunga. Mtoto akalia, mama yake akalia, mimi nikaketi sakafuni nikaegemea ukuta, nikalala pale pale mpaka waliponiamsha kunipa chai.

Alidungwa zilizofuata kwa wakati wake. Alipotimiza mwaka mmoja na miezi kadhaa nilimtoa damu kidogo. Mstari mmoja. Nilirudia, kwa kuwa kurudia ndiyo kazi yangu. Mmoja. Nilipiga simu Lokichar, nikamwambia mdogo wangu, huku nikisikia nyuma yake madereva wakiagiza chapati. "Sawa," akasema. "Ngoja nihudumie hawa, nitakupigia." Hakunipigia siku hiyo. Sikumlaumu. Yeye mwenyewe bado anameza kidonge, na picha zake ni safi.

Mama anaishi nami Lodwar sasa. Hakupenda kuhama, lakini vipimo vyake vinatakiwa kufuatiliwa, na mimi sina tena nguvu ya safari za Lokori. Ini lake, kwa umri wake, limetulia kuliko la mwanawe lilivyokuwa. Sijui kwa nini. Daktari naye hajui. Mwaka mzima hatukulizungumzia neno lile nililoshindwa kulitafsiri ofisini. Hajawahi kunilaumu kwa kuliruka, wala mimi sijamwambia kwamba hana kosa, kwa maana nilijua angenijibu nini.

Ni yeye aliyeanza. Ilikuwa Jumapili mchana, nimeinamisha kichwa ananisuka.

"Yule daktari alisema mimi labda nilimpa bila kujua."

"Labda, mama."

"Na mimi nilipewa na nani?"

"Hatujui. Labda mama yako."

Vidole vyake vilisimama kichwani mwangu. Bibi yangu simjui. Alikufa wakati wa ukame mmoja wa zamani, mama akiwa msichana.

"Alikufa kwa tumbo la kuvimba," mama alisema. "Tulisema ni njaa."

Baada ya muda akaendelea kusuka, akavuta nywele kwa nguvu kama kawaida yake, akaniambia nisitikise kichwa.